Kijito Kilichofagiwa

"Mgeni Rasmi, Bwana Shauri wa boma la Dodoma, Bwana Mtaalamu wa Maji na Wadudu, Akida wetu Halfani, askari mliobeba bunduki na ninyi mliobeba viti, mabibi na mabwana wa Chilole: mbukwenyi!"

Umati ukaitikia salamu hiyo ya kwao kwa sauti moja, na Zipora, aliyekuwa akisoma, akasogeza kidole mstari wa pili. Mstari wa kwanza umepita salama.

Karatasi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Methusela, mwalimu wa kanisa, aliyeiandika huku wazee wakimtajia maneno, kila mzee na lake. Jana alijigamba mbele ya kijiji kizima kwamba ataisoma mwenyewe, mbele ya Mzungu, bila kupepesa jicho. Asubuhi hii, vumbi la msafara wa Bwana Shauri lilipoonekana upande wa Zuzu, homa ikamshika. Na homa ya namna hiyo haina dawa hospitalini, maana huanzia magotini. Walipokuja kumchukua walimkuta chini ya mablanketi mawili, jua la Oktoba likiwaka nje, anatokwa jasho na kusema anasikia baridi.

"Basi nani atasoma?" akauliza Mzee Matonya, mkubwa wa wazee wa pale.

Zipora alijifunza kusoma katika darasa lile lile la misheni alilosoma Methusela, na alimpita kwa mbali, jambo ambalo kila mtu alilijua na Methusela alilijua kuliko wote. Akafunga kaniki yake vizuri juu ya tumbo la miezi saba, akanyoosha mkono, akaitwaa karatasi.

"Hawatampiga mwanamke mwenye tumbo kama hili," Mzee Matonya akawatuliza wenzake. Kisha akaongeza, "Labda."

Hilo "labda" Zipora alilisikia vizuri sana.

Na sababu ya risala yenyewe ilikuwa hii. Mwezi uliopita Mzungu mmoja msomi, ambaye Chilole nzima ilimwita Bwana Wadudu, alikuja kupima kijito chao, akaandika bomani kwamba kimekufa. Ikatoka amri: watu wa Chilole wahame kabla ya mvua, wapelekwe uwandani kule karibu na Zuzu, mahali ambapo visima ni vya chumvi na kivuli ni cha kutafuta kwa taa mchana. Leo Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa boma, amekuja kutamka neno la mwisho. Zipora alikuwa akihesabu kwa vidole kila usiku: mvua, kuhama, kujifungua. Kila akihesabu, mtoto alizaliwa njiani.

Akakohoa kidogo, akaendelea.

MAKARIBISHO

"Mgeni Rasmi, tunakukaribisha Chilole kwa mikono miwili. Mikono hiyo Akida wetu ameihesabu asubuhi ya leo, kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa wagonjwa. Tunakukaribisha kwenye kiti na kivuli. Tungekukaribisha na kwenye maji ya kunywa, kama ilivyo desturi yetu, lakini kwa kuwa Serikali imetangaza kwamba maji yetu ni mabovu, tumeogopa kukuua. Sisi wenyewe tumeyanywa leo, na jana tuliyanywa. Babu zetu waliyanywa mpaka wakafa, wengi wao kwa uzee."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Akida Halfani akageuka kumtafuta.

Huyu Akida alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe pe, bakora mkononi, na karatasi ile alikuwa ameipitisha mwenyewe. Ndiyo! Jana jioni alidai aletewe aikague, isije ikawa na neno la kumuudhi Mgeni. Methusela akampelekea. Sasa, Akida Halfani alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, tena kwa mwandiko mzuri wa kupendeza. Hizi herufi za Kizungu zilikuwa kwake kama nyayo za kuku. Lakini tangu Serikali iseme kwamba akida asiyezijua hatafaa kazi, alikuwa amejitia kuzijua. Akaishika karatasi, akakunja uso, akaitazama juu mpaka chini kwa muda wa kutosha. "Ni nzuri," akasema. "Ila mwandiko hauna adabu." Akamrudishia.

Leo ndipo alipoanza kuisikia karatasi aliyoisoma jana. Kope zikaanza kumcheza.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

"Mgeni Rasmi, kijito cha Chilole hutoka mlimani, na hakijawahi kukauka tangu wazee wetu walipofika hapa na ng'ombe wao. Miaka ya njaa watu walikuja kutoka Chamwino na vibuyu vichwani, wakachota, wakaondoka, na maji hayakupungua. Katika miaka yote hiyo, Mgeni Rasmi, hatukuwahi kuwauliza wadudu kama maji yanafaa. Tuliwauliza ng'ombe. Ng'ombe akinusa maji na kugeuza shingo, nasi tuligeuka. Tunakiri kwamba hii haikuwa elimu. Hatukuwa na wavu, wala sinia jeupe, wala chupa za kutilia maiti za vidudu, wala kitabu.

"Elimu ilitufikia mwezi uliopita, siku moja, kuanzia asubuhi mpaka saa ya chakula cha Bwana Mtaalamu. Alitueleza kwa upole kwamba wapo wadudu wasiovumilia uchafu, wale wadogo wenye mikia mitatu wanaong'ang'ania chini ya mawe. Wakiwapo, maji ni mazima. Wapo na wavumilivu, kama minyoo myekundu na ruba, ambao wakibaki peke yao maji ni mgonjwa. Na asipokuwapo yeyote, basi maji ni maiti. Sisi tulisikiliza kwa makini, tukashangaa sana, na tukatazamana kwa namna ambayo tutaieleza hapa chini."

Bwana Shauri alikuwa amekaa mguu juu ya mguu, sigara mdomoni, macho nusu yamefumba. Alikijua Kiswahili vizuri, hasa kile cha kuamrisha. Pembeni yake Bwana Wadudu, mrefu, mwembamba, pua imebabuka kwa jua, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha kama mwalimu anayesikia somo lake likikaririwa bila kosa. Maskini! Hakujua kinachokuja.

MAFANIKIO

"Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni machache lakini ni makubwa. La kwanza, na tunaamini hakuna kijiji kingine chini ya bendera ya Kaizari wa Ujerumani kilicholifanya, ni kwamba tumefagia mto."

Sigara ikasimama.

"Ilikuwa hivi. Siku chache kabla ya Bwana Mtaalamu kufika, Akida wetu mpendwa alitutangazia kwamba Serikali inakuja kukagua usafi wa maji, na kwamba atakayeonekana mchafu ataonja hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Sasa kwetu, mdudu ndani ya mtungi ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni akija, mwanamke huchuja maji kwa nguo safi kabla ya kumpa, asije akameza kitu chenye miguu akaenda kututangaza. Na Serikali ni mgeni. Basi tukauchuja mto.

"Wanawake walishika fagio, wanaume wakageuza mawe. Kila jiwe lilisuguliwa kwa mchanga na majivu likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ule utelezi wa kijani tuliubandua. Ruba tuliwaokota kwa vijiti. Wale wadogo wenye mikia mitatu tuliwakung'uta kwenye vikapu tukawapa kuku, na kuku wa Chilole hawajawahi kunenepa kama wiki ile. Jioni Akida wetu alipita kukagua, akainama, akatazama chini ya jiwe moja, hakuona kiumbe. Akasema: Hapo sasa, kijito kimetakata."

Loo! Kicheko kikapasuka huko nyuma kikaja mbele kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Hata askari mmoja alilazimika kugeuka akajitia anaangalia bunduki yake. Bwana Wadudu alikuwa amesimama, uso mwekundu kupita pua.

"Mmefagia?" akauliza.

"Tumefagia, Bwana," akajibu Zipora.

"Mto?"

"Na mawe yake, Bwana."

"Mein Gott," akasema Bwana Wadudu, akimwita Mungu kwa lugha yake, akakaa chini taratibu.

Akida Halfani akajitosa mbele, mikono imeshikana kifuani. "Bwana Mkubwa, samahani sana. Huyu mwanamke ana mimba, na mimba ikiwa kubwa hupanda kichwani. Anaropoka tu. Mimi sikuamuru mto, niliamuru mitungi."

"Mitungi?" Mzee Matonya hakuweza kuvumilia. "Akida, si wewe uliyenisimamia mimi, na mgongo huu, nikisugua jiwe kubwa kama ng'ombe? Lile ni mtungi? Na Bwana huyu alipotuambia kijito kimekufa, nilitaka kusema, si ulinikanyaga kidole? Kucha imetoka, Bwana Shauri, hii hapa!" Akainua mguu, kila mtu aone.

Bwana Shauri aliutazama ule mguu, akamtazama Akida. Mdomoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana na tabasamu.

"Endelea kusoma," akamwambia Zipora.

SHIDA ZETU

"Mgeni Rasmi, shida yetu ni kwamba tumehukumiwa kwa ushahidi wa wadudu ambao tayari walikuwa matumboni mwa kuku. Lakini tusijifiche nyuma ya fagio. Hata tusingefagia, upimaji wenyewe ulitutia wasiwasi, na tunaomba tuuseme bila kumvunjia mtu heshima.

"Wavu ulitumbukizwa mahali pamoja tu: pale ng'ombe wanapovukia, penye tope na mavi. Palichaguliwa kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli cha kuwekea kiti. Mara ya kwanza Bwana Mtaalamu aliingia mwenyewe, tunamsifu. Kisha jua likapanda, akampa wavu mpagazi wake Mustapha. Naye Mustapha anawaogopa ruba kuliko anavyoogopa simba. Alitumbukiza wavu kama mtu anayeonja uji wa moto, akautoa haraka, akaitikia kutoka ukingoni: Hakuna kitu, Bwana! Bwana akaandika hakuna kitu."

Mustapha, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bwana Wadudu na wavu wenyewe begani, akainua macho kutazama mbingu.

"Mdudu mmoja alionekana, Mgeni Rasmi, tusiseme uongo. Alikuwa na miguu sita na afya njema. Bwana Mtaalamu alimtafuta kitabuni akamkosa, akamrudisha majini bila kumhesabu. Tuliambiwa kitabu hicho kimeandikwa kando ya mito ya Ulaya. Tunasikitika sana kwamba wadudu wetu hawajapata nafasi ya kusafiri kwenda kuandikishwa.

"Tena ulikuwa mwisho wa kiangazi. Maji yakipungua, vidudu hivi hushuka chini kwenye mchanga wa baridi. Wengine wetu wanasema huenda huko kulala. Mzee Matonya anasema huenda kwa wajomba zao. Jambo hili halijaamuliwa. Na mvua kubwa ya kwanza ikija, maji mekundu huwakumba wote yakawapeleka mbali, na mtu akipima siku ile atasema kijito kimekufa. Akirudi baada ya mwezi atasema kimefufuka. Mwalimu wetu ametufundisha habari za ufufuo na hatubishani nazo, lakini hatukufundishwa kwamba watu wahamishwe kati ya kifo na ufufuo."

Hapo hakucheka mtu. Bwana Wadudu alikuwa amevua kofia, anaizungusha vidoleni.

"Ni kweli," akasema, akimwambia Bwana Shauri, ingawa alisema kwa Kiswahili na wote wakasikia. "Ilinipasa kuchota mahali pengi, juu na chini, tena misimu yote. Nililijua hilo. Lakini boma lilinipa siku moja."

"Siku moja ni nyingi kwa wadudu," akasema Bwana Shauri.

MAOMBI

Karatasi sasa ilikuwa imelowa jasho la vidole, na maneno ya Methusela yalianza kutambaa. Zipora aliendelea. Waliomba kijito kipimwe upya: juu mlimani na huku chini, kwenye mawe na kwenye mchanga, sasa hivi na tena mvua zikishatulia. Waliomba kitabu kiongezwe kurasa. Waliomba mshika wavu awe mtu asiyeogopa ruba, na kama hapatikani, Chilole itamtoa. Waliahidi kwa viapo kwamba hawatafagia. Na waliomba amri ya kuhama isubiri mpaka hayo yafanyike.

Hapo ndipo mumewe alipoweka nukta. Zipora hakuiweka.

"Na tunaomba hivi," akasema, bila kutazama karatasi. "Kule uwandani maji ni ya chumvi. Watu wa kijiji cha jirani walipelekwa huko mwaka jana, na ndama wao walikufa kabla hawajamaliza kujenga. Wapo kati yetu wanaotazamia kujifungua kabla masika hayajaisha. Mtoto akizaliwa huoshwa, Bwana. Mama naye hunywa maji mengi asubuhi ile, nyie wanaume hamjui tu. Wataoshwa na nini? Watakunywa nini?"

Sauti ikamtetemeka mwishoni, akakasirika nayo. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli, na hakuona aibu tena kuonekana anaogopa.

Bwana Shauri akazima sigara kwa kisigino. Kisha, ala! akacheka. Si kicheko kibaya; kicheko cha mtu aliyechoshwa na safari akapata mchezo.

"Vema," akasema. "Tuwaulize wadudu tena. Sasa hivi. Wapi hapajafagiwa?"

Wazee wote wakaonyesha kwa vidole mahali pamoja: juu kidogo, penye vichaka vya miiba, ambako fagio zilishindwa kupita na Akida hakutaka kuchana kanzu. Msafara ukapanda. Bwana Wadudu alikataa kumpa Mustapha wavu. Alivua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini, miguu myeupe kama maziwa, akaingia. Akakita wavu chini ya mkondo, akageuza mawe kwa miguu, akachokora, akainua. Mustapha akatega sinia.

Sinia lote likawa hai! Vidudu vya mikia mitatu vikikimbizana, vingine vimejijengea vinyumba vya changarawe na kutembea navyo, watoto wa kereng'ende wenye macho makubwa, kaa mmoja mdogo aliyetisha wote kwa makucha yake. Vigelegele vikalipuka. Hakuna mahali duniani palipowahi kupigiwa wadudu vigelegele namna ile.

"Huyo! Huyo wa mikia mitatu!" Mzee Matonya akapiga kelele. "Mpisheni apumue! Huyo ndiye shahidi wetu!"

Ruba mmoja alikuwa amejibandika kwenye shavu la mguu wa Bwana Wadudu, na wanawake wakampongeza kama mtu aliyepata mtoto. Naye hakujali. Alikuwa amepiga magoti kando ya sinia, kibano mkononi, anacheka peke yake kwa lugha yake. Watu wakampenda ghafla.

Zipora naye alicheka, machozi yakimtoka, mkono tumboni. Lakini kuna kitu kilimkwaruza. Wavu ulikuwa umetumbukia mara moja, mahali pamoja. Na watu wale wale waliotumia karatasi nzima kueleza kwamba kuchota mara moja hakutoshi, sasa mara moja ilikuwa imewatosha kabisa.

"Una hakika?" akauliza Bwana Shauri.

"Kabisa!" akasema Bwana Wadudu, bado amepiga magoti. "Haya ni maji safi kuliko yote niliyopima tangu nitoke pwani. Nitaandika leo leo. Nilikosea, na nitaandika kwamba nilikosea."

Vigelegele vikarudia. Bwana Shauri akaomba bilauri. Akachotewa, akainua bilauri juani, akaitazama, akanywa yote, akapangusa masharubu.

"Hayana chumvi," akasema.

"Hata chembe, Bwana!" wakajibu kwa fahari.

"Na hayakauki."

"Hayajawahi!"

Bwana Shauri akatikisa kichwa polepole. "Gari la moshi," akasema, "nalo hunywa. Visima vya stesheni ni vya chumvi, na chumvi inaziua injini. Mwaka mzima nimetafuta maji kama haya." Akamrudishia Mustapha bilauri. "Tutaleta mabomba kutoka hapa mpaka stesheni. Maji mazuri namna hii hayawezi kuachiwa ng'ombe wakayakanyaga. Mtahama kabla ya mvua. Amri ni ile ile. Sababu tu ndiyo imebadilika."

Kilisikika kile kijito peke yake.

Mzee Matonya ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Bwana," akasema, "Bwana, huyu amechota mara moja tu. Achote na chini kule, penye mavi. Huenda amekosea. Huenda ni mabovu kweli."

"Mara moja inatosha," akasema Bwana Shauri.

"Lakini mimi nilisema ni safi kwa ajili yao," Bwana Wadudu akaanza, akiinuka na ruba wake mguuni. "Hapa kuna watu..."

"Wewe uliombwa kupima maji," akamkatiza Bwana Shauri. "Umepima. Asante."

Wakateremka. Wengine walitembea shingo upande kama watoka mazikoni. Mtoto tumboni mwa Zipora alikuwa akipiga teke mfululizo. Wapagazi walikwisha kukunja viti. Akida Halfani, aliyekuwa amenyauka tangu ile habari ya fagio, sasa kanzu ilikuwa imemrudia mwilini. Akamnyooshea Zipora bakora.

"Malizia karatasi yako, mwanamke. Risala haikatwi katikati. Bwana anataka kuondoka."

HITIMISHO

Zipora akaikunjua karatasi. Pale mwisho Methusela alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kwa wino uliokolea: *Tunakushukuru kwa haki uliyotutendea siku ya leo.* Alikuwa ameandika jana, masikini, kabla ya haki yenyewe. Zipora aliusoma mstari ule moyoni mara mbili. Mdomo ukakataa. Angemwambia nini mtoto huyu, kwamba mama yako alimshukuru mtu aliyekuwa akiwatoa nyumbani? Hasira ikampanda kutoka nyayoni, na woga ukaipisha njia.

Akaishusha karatasi. Akamtazama Bwana Shauri usoni, jambo ambalo hata wanaume wa pale hawakulifanya.

"Mgeni Rasmi," akasema, na sauti haikutetemeka tena, "tunakuombea safari njema. Tunakuombea umri mrefu na watoto watakaokuzika. Na siku utakaposimama mbele ya Mungu, tunakuombea asikupime kama ulivyotupima. Asichote mara moja. Achote ulikoanzia na ulikoishia, achote masika yako na kiangazi chako. Ageuze kila jiwe, asiwe na haraka. Asikubali mtu yeyote akufagie kwanza. Na vyote atakavyovikuta vinatembea chini ya mawe yako, avihesabu kimoja kimoja, hata visivyokuwamo kitabuni."

"Amina!" wakaitikia watu wa Chilole, wote, kwa sauti iliyowatisha nyumbu wa mizigo wa msafara. Akida Halfani naye, kwa mazoea ya kuitikia dua, akasema amina.

Bwana Shauri alikuwa ameinua mikono kupiga makofi, kama wageni rasmi wafanyavyo risala ikiisha. Mikono ikabaki hewani, haijagusana.

"Ni sisi," akamalizia Zipora, "Watu wa Kijito cha Chilole. Kijito unabaki nacho, Bwana. Jina tunahama nalo."